Mdimu Ulioachishwa Ziwa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikorosho Hanifa alipotoka nyumbani kwake Kibiti kwenda kwa bwana shamba. Hakubeba kikapu wala ndoo. Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga jani moja la mdimu, la manjano, kwa fundo la kubana, na njia nzima alikuwa akilipapasa kuona kama bado lipo.

Waliomjua walimsalimia barabarani, akawapita kama hakuwaona. Msimlaumu. Mwenye mtoto mgonjwa masikio yake huyaacha nyumbani.

Bwana Haitham, bwana shamba, alikuwa kibarazani kwake na kopo la maji, anataka kutawadha.

"Masalkheri, bwana shamba."

"Akheri, shemeji. Kwema? Mbona saa hizi?"

"Nimekuletea mgonjwa," Hanifa akasema, akafungua fundo.

Haitham akacheka. Watu walimletea korosho zenye ubwiri na mihogo yenye batobato, magunia kwa magunia. Jani moja, limefungwa kwenye kanga kama hirizi, hajawahi kuletewa.

"Mche wenyewe uko wapi?"

"Chumbani kwangu. Kwenye kopo."

"Chumbani! Shemeji, mdimu ni mti wa jua. Kuufungia ndani ndiko..."

"Ni mche wa kitovu, bwana shamba."

Kicheko kikamkauka. Haitham kwao ni Mahege, huku nchi kavu, lakini alikwisha kufanya kazi visiwani, huko delta ya Rufiji, na alikuwa anajua mche wa kitovu ni kitu gani. Akaweka maji chini, akalichukua jani, akaligeuza upande huu na upande huu.

"Kopo lina matundu chini?"

"Halina."

"Basi mizizi inaoza. Toboa matundu kwa msumari. Udongo wa zamani utoe wote, tia mpya, uchanganye na samadi kavu ya mbuzi. Usogeze karibu na dirisha upate mwanga wa asubuhi. Majani ya manjano yaliyokwisha kulegea yakate, yanaunyonya mti bure." Akalipapasa jani kwa kidole gumba. "Unaumwagilia nini?"

Hanifa akatazama lile kopo la kutawadha.

"Maji," akasema.

Haitham akalipeleka jani puani. Uso ukambadilika.

"Shemeji... mbona linanuka karafuu maiti?"

Hanifa akampokonya jani mkononi, akaondoka bila kuaga. Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na sanda anaijua harufu ile, na yeye alikuwa nayo chumbani kila jioni. Alikuwa anajidanganya kwamba ni yeye peke yake anayeisikia.

Sasa ngoja niwaeleze, maana asiye wa visiwani hataelewa kwa nini mwanamke mzima ahangaike kwa ajili ya jani.

Kule delta ardhi ni tope na chumvi, na bamvua likija maji yanaingia mpaka uani. Kitovu cha mtoto kikikatika hakizikwi ardhini, maji yatakifukua. Kinafungwa kitambaani, kinatiwa kwenye chungu chenye udongo mtamu uliotoka juu mtoni, na juu yake unapandwa mche wa mdimu. Chungu kinakaa chumbani, karibu na kichwa cha mama. Mche haulali nje mpaka mtoto atembee mwenyewe. Siku atakayotembea, mtoto na mche wake wanapelekwa shamba la nchi kavu, unapandwa huku mwenyewe anauangalia, na watu wanakula ubwabwa. Lakini mtoto akifa kabla ya kutembea, mche wake unatolewa siku ileile ya mazishi, kabla giza halijaingia, unatiwa majini uende zake. Hauachwi ndani ya nyumba.

Hanifa alijaliwa pacha, wasichana wawili, Johari na Amal. Zamani bibi yao angewafinyangia vyungu viwili, kimoja hivi na kimoja vile. Ila hii ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yaliyokuwa matupu yakajaa bidhaa, na Abdulhalim, mume wa Hanifa, alikuwa ameacha kukata boriti za mikoko akaanza kuuza mitumba Kibiti. Kila akirudi kisiwani aliwaletea kitu. Safari hiyo alileta makopo mawili ya maziwa ya unga, mapya, yanang'aa, yamefanana kama watoto wenyewe. Hanifa alifurahi nayo, akayaringia mbele ya majirani. Kitovu cha Johari kilifungwa kwa uzi mweusi, cha Amal kwa uzi mweupe, lakini nyuzi zilikuwa chini ya udongo. Kwa nje makopo hayakuwa na tofauti. Johari alilala upande wa ukutani na kopo lake likakaa ukutani. Amal alilala upande wa mlangoni na kopo lake likakaa mlangoni. Nani angekosea?

Watoto wenyewe Hanifa aliwatambua hata gizani. Johari alikuwa akinyonya vidole viwili, vile vya katikati, mpaka usingizi umchukue. Amal hakuwahi kunyonya kidole maishani mwake. Na kila mmoja alikuwa na ziwa lake, Johari la kushoto, Amal la kulia, na walikuwa hawapokonyani.

Johari alikufa kwa homa, wakati ndiyo kwanza ameanza kusimama kwa kushika kigoda. Alizikwa alasiri. Nyumba ilijaa wanawake wa msibani. Jioni Abdulhalim aliingia chumbani, akatoka na kopo la ukutani kifuani, akaenda nalo mtoni huku analia waziwazi, hakuona aibu. Baada ya arobaini wakahama. Kule kisiwani Hanifa alikuwa hawezi hata kukipita kile kigoda. Wakaja Kibiti wote: Hanifa, mumewe, mama mkwe wake Bi Mwantumu, Amal, na lile kopo lililobaki.

Ila ziwa la kushoto halikupata habari ya msiba.

Liliendelea kujaa. Kila magharibi, saa ambayo Johari alizoea kunyonya, lilivimba likauma, likalowanisha kanga. Na maziwa ya mama, kama mjuavyo watu wetu, hayamwagwi ovyo. Sisimizi wakiyagusa ziwa huumwa. Kwa hiyo Hanifa aliyakamulia kwenye kopo, shinani mwa mche. Aliona ni jambo jema. Maziwa ya marehemu yaulishe mti wa dada yake aliye hai. Na mche ukanawiri, ukatoa majani mapya ya kung'aa.

Ni Amal ndiye aliyeanza kurudi nyuma. Alikuwa akisimama, akaacha. Akawa anatambaa, kisha kukaa tu. Halafu macho yakageuka manjano, na viganja. Zahanati wakampa dawa. Ziwa la kushoto nalo likaanza kupungua, na maziwa yalipopungua, mche ukaanza kupata manjano majani ya chini. Hanifa akayaona yote mawili kwa pamoja: mtoto wa manjano, mti wa manjano. Akasema moyoni, mti ukipona mtoto atapona. Ndiyo maana alikwenda kwa Haitham na jani kwenye kanga. Wewe usingekwenda?

Jioni ile aliporudi, adhana ilikuwa imekwisha. Bi Mwantumu alikuwa uani, amempakata Amal.

"Umechelewa, mwanangu. Mtoto ameita mpaka amechoka."

"Ameita?" Hanifa akashangaa. Amal alikuwa hana nguvu hata ya kulia.

"Si nimesikia sauti? Huko chumbani. Nilidhani umerudi kwa mlango wa mbele, unamnyonyesha."

"Mama, Amal unaye wewe."

Wakatazamana. Bi Mwantumu alikuwa mtu mzima asiyependa kutishika mbele ya watu. Akasema ni paka, akaomba kibatari kiwashwe.

Hanifa akaingia chumbani peke yake na kile kibatari.

Harufu ilimpokea mlangoni. Karafuu maiti, na chini yake harufu nyingine, ya tope la mikoko maji yakiwa yametoka. Wakati Kibiti ni mchanga mtupu.

Kopo lilikuwa mahali pake. Akainamisha taa sakafuni.

Nyayo.

Nyayo ndogo za mtoto, mbichi, za tope jeusi. Zilianza kwenye kopo. Zilikwenda kwa kuyumba, moja imekaa upande, nyingine imeburuta, kama za mtoto anayejifunza. Zilifika kitandani, upande wa ukutani, zikakoma.

Hanifa akaweka taa chini. Hakupiga kelele. Alichukua tambara akapangusa, haraka haraka, kabla mama mkwe hajaingia. Sijui kwa nini alificha. Au najua: juma zima alikuwa akipangusa. Kwanza zilikuwa alama za viganja na magoti.

Akampokea Amal, akamlaza kifuani. Mtoto hakunyonya. Aligusa tu ziwa kwa mdomo mkavu, akageuza uso. Basi Hanifa akafanya alichokuwa amekwisha kukikusudia njiani, kwamba mti lazima upone usiku huohuo. Akakamulia kwenye kopo yale machache ya kushoto. Halafu akakamua na la kulia.

Lote.

Udongo uliyanywa. Aliusikia ukiyanywa... kwa pupa... sauti ya mtoto anayenyonya huku anapumua puani. Akafumba macho na kujiambia ni kopo lisilo na matundu, ni hewa inatoka.

Asubuhi majani yalikuwa kijani. Hata lile la chini kabisa, lililokuwa limekwisha kulegea, lilikuwa limesimama. Hanifa akageuka kwa furaha amwonyeshe mwanawe.

Amal hakuinua kichwa. Shingo ilikuwa imelegea, na manjano yalikuwa yamefika mpaka kwenye ufizi.

Abdulhalim akambeba mbio zahanati. Wakampa dawa nyingine, wakasema kama hali haibadiliki wampeleke hospitali Utete. Waliporudi Hanifa alikuwa kama mtu aliyepigwa na kitu kichwani. Lililobaki lilikuwa moja tu, maneno ya bwana shamba. Kutoboa matundu. Kubadili udongo. Alifanya, maana mikono ilikuwa haiwezi kukaa.

Alitandika gunia uani alasiri, Bi Mwantumu amekaa pembeni na mtoto. Akalipindua kopo, akaligonga matakoni. Udongo ulitoka kama ulivyo, umeshikana, na mizizi imeuzunguka pande zote. Haikuwa imeoza. Ilikuwa minene, myeupe, yenye afya kuliko mizizi yoyote aliyowahi kuiona. Akaipangusa taratibu kwa vidole. Ndani, katikati, mizizi ilikuwa imekumbatia kitu. Akaifungua mmoja mmoja, na kila alipouachia ulirudi kushika.

Kitambaa. Kitovu.

Uzi wake ulikuwa mweusi.

Hanifa aliutazama. Akautemea mate, akausugua kwa kanga, pengine ni udongo. Akausugua mpaka vidole vikamuuma. Mweusi.

"Mama," akasema, kwa sauti ya chini. "Mama, huyu ni Johari."

Bi Mwantumu alisogea, akaona, akakaa chini palepale. Abdulhalim aliitwa kutoka dukani. Alikuja anatweta.

"Baba Amal," Hanifa akamuuliza, "siku ile ulichukua lipi?"

"La ukutani. Si la Johari lilikuwa ukutani?"

"Walipomkosha mtoto," Bi Mwantumu akasema polepole, "tulisogeza kitanda. Tulitoa kila kitu chumbani ili maji yapite. Tukarudisha. Mimi mwenyewe nilirudisha makopo. Mimi mwenyewe... ya Mungu... kopo ni kopo, sikujua."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Nawaambia ingekuwa heri wangelaumiana, wakapigizana kelele, wakapumua. Walikaa tu wote watatu wakiutazama ule uzi. Mti wa aliye hai walikuwa wameutupa mtoni pamoja na salamu za kifo. Mti wa aliyekufa walikuwa wameuleta Kibiti, wakauweka karibu na kitanda, wakaulisha.

"Naupeleka Ndundu, kivukoni, sasa hivi," Abdulhalim akasema, akainuka. "Nautupa mtoni."

"Kaa," mama yake akamwambia. "Siku ya mazishi mche hutolewa mbichi kwa kuwa haujui kitu. Huu umenyonya. Mti ulionyonya ukiutupa ungali kijani, unarudi. Na sasa una miguu." Kumbe nyayo aliziona naye. Akamgeukia Hanifa. "Lazima umwachishe, mwanangu."

"Nimwachishe vipi?"

"Kama anavyoachishwa mtoto yeyote. Urudishe udongo, umweke mahali pake, umnyime."

"Mama, atalia."

"Atalia. Kuna mtoto aliyeachishwa asilie?"

"Na Amal?"

Bi Mwantumu alikishika kichwa cha mjukuu wake kisianguke.

"Mti wake umekwenda na maji. Huyu hana tena kinachomshika duniani ila mikono yako. Sasa chagua mikono yako inamshika nani."

Basi ikawa hivyo. Hanifa, aliyetembea Kibiti nzima kutafuta dawa ya majani ya manjano, sasa kazi yake ilikuwa kukaa na kuyaangalia yakipata manjano.

Bi Mwantumu alisaga shubiri, Hanifa akajipaka ziwa la kushoto na kudondosha kidogo shinani. Jioni ya kwanza ziwa lilimjaa mpaka akatetemeka. Akajifunga kanga kifuani kwa nguvu, akampakata Amal upande wa kulia, akageuzia kopo mgongo.

Adhana ikaisha. Pakawa kimya.

Kisha ikaanza. Si kilio, mwanzoni. Ni kule kuguna kwa mtoto aliyeamka akakuta mama hayupo, anangoja, ana hakika atakuja. Abdulhalim, aliyekuwa amekaa kizingitini na tasbihi, alisimamisha vidole. Na yeye alisikia.

"Usigeuke, Mama Amal," akanong'ona.

Guno likawa kilio. Hanifa alikijua. Mama anakijua kilio cha mwanawe katikati ya vilio vya dunia nzima, na kile kilikuwa cha Johari, kile chenye kwikwi katikati, alichokisikia mara ya mwisho kule kisiwani kikififia mikononi mwake. Siku ile alikuwa hana uwezo wa kukizuia kisikome. Leo alikuwa na uwezo. Ilikuwa ni kufungua kanga tu. Hebu fikiri, Mungu anakurudishia sauti ya mtoto wako aliyekufa, anakwambia hii hapa, na wewe unatakiwa uinyamazie!

Alilia naye. Alilia mpaka machozi yakamwingia Amal mdomoni, na Amal akaramba.

Jioni ya pili harufu ilizidi. Majani ya chini yalikuwa manjano. Nyayo zilianza kwenye kopo, zikazunguka kitanda, zikasimama mbele ya Hanifa. Hakukuwa na mtu juu yake. Nyayo mbili tu, pamoja, vidole vimeelekea kwake. Alikaa akiziangalia hadi tope likakauka. Amal alinyonya jioni ile, kidogo, akatapika, akanyonya tena.

Zikafuata jioni nyingine. Manjano yalipanda jani kwa jani. Kilio kilikuwa kinapungua nguvu, na nadhani kule kupungua ndiko kulikomuua Hanifa zaidi. Kilikuwa kinapungua vilevile kama mara ya kwanza. Alikuwa anamuua kwa mara nyingine, na safari hii hakukuwa na homa ya kusingizia.

Amal akaanza kukaza shingo. Akakaa. Macho yakaanza kurudi meupe kutoka pembeni.

Likabaki jani moja, la juu kabisa, changa, nusu kijani. Jioni hiyo hakukuwa na kilio. Hanifa alikaa kitandani na Amal amelala upande wa kulia, akangoja, akadhani yamekwisha. Hata akashukuru.

Kisha ikatoka sauti ukutani, karibu na sikio lake, sauti kavu, ndogo.

"Maa..."

Johari alikufa hajasema neno. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza.

"Maa..."

Mikono ya Hanifa ilitangulia kabla ya akili. Fundo la kanga lilikwisha kufunguka. Ziwa la kushoto, lililokuwa limekauka kwa shubiri, lilitoka maziwa lenyewe, yakamtiririka tumboni ya moto. Aliinuka. Alipiga hatua ya kwanza kuelekea kwenye kopo. Abdulhalim kule kizingitini alificha uso magotini; hakumwambia usigeuke tena. Nafikiri na yeye alitaka.

Nyuma yake Amal aliamka. Hakulia. Alijishika kwenye mbao za kitanda, akajivuta, akasimama kwa miguu yake kwa mara ya kwanza tangu augue, akamtazama mama yake mgongo. Hanifa aliisikia ile mbao ikilia.

Akasimama katikati ya chumba. Mmoja mbele. Mmoja nyuma.

"Johari," akasema. "Mama yangu, nisamehe. Johari wangu, lala."

Akageuka.

Hakusikia kitu tena. Ila alipomkumbatia Amal alihisi, kwa kitambo kidogo tu, viganja vidogo vya baridi vikimshika kanga kwa nyuma. Vikashika... Vikaachia.

Asubuhi mche ulikuwa mkavu mpaka shinani, na kopo halinuki kitu ila udongo.

Walikwenda Ndundu mchana kweupe, wote, na Amal mgongoni. Watu walikuwa wengi kwenye kivuko wakisubiri pantoni, wachuuzi wa mahindi ya kuchoma, utingo wa malori, na hakuna aliyejali mwanamke aliyeteremka pembeni na kopo bovu. Hanifa aliutia mdimu majini na uzi wake mweusi. Alisoma Fatiha. Maji ya Rufiji yaliuzungusha mara moja, yakauchukua kuelekea visiwani, kwao. Alisimama mpaka haukuonekana, kisha akasimama zaidi.

Bwana Haitham, alipoelezwa nusu ya habari, alisema maziwa huozesha udongo, mti haukuwa na njia ya kupona. Zahanati walisema ile dawa ya pili ndiyo iliyofanya kazi, na Abdulhalim huwashukuru mpaka leo. Wote wanaweza kuwa wamesema kweli. Hanifa hawabishii.

Maana Amal alipona kabisa. Akatembea kabla ya mfungo. Bi Mwantumu alipiga vigelegele, ubwabwa ukapikwa japo hapakuwa na mche wa kupanda, na mtoto akashangiliwa kutoka mkono wa huyu kwenda kwa huyu, anayumba, mguu mmoja umekaa upande, mwingine unaburuta kidogo.

Hanifa aliutazama ule mwendo. Alikuwa ameupangusa sakafuni mara nyingi mno asiujue. Aliendelea kupiga makofi na wenzake.

Magharibi ilipoingia mtoto alichoka, akaja mwenyewe kwa mama yake. Hanifa akampakata upande wa kulia, kama siku zote. Mtoto akajigeuza. Akahamia kushoto, akatia kichwa kwapani, akatia vidole viwili mdomoni, vile vya katikati, akafumba macho.

Hanifa alikaa vile hadi giza likawa zito, na kanga yake ya kushoto ikaanza kulowa. Bi Mwantumu alipita na taa, akaona, akasimama. Mkono wake ulinyooka kuvitoa vile vidole.

"Viache, Mama," Hanifa akamwambia. "Tafadhali, viache."

Mpaka leo hamwiti kwa jina. Watu wa Kibiti humwita Amal, na mtoto huwaitikia, msichana mzuri, mchangamfu. Mama yake humwita mwanangu tu, asije akaita jina moja akaitikiwa na mwingine.